Mto Usiojaa

Kwenye kioo cha kompyuta yangu mvua inanyesha. Nimeichagua mwenyewe: kabla safari haijaanza gemu inakuuliza unataka hali gani ya hewa, jua, mvua au theluji, nami nikabonyeza mvua. Ninaendesha behewa moja la dizeli, aina ya KiHa 31, kutoka Yatsushiro kwenda Yoshimatsu, katika kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani. Pembeni ya reli unapita mto Kuma. Mvua imenyesha nusu saa nzima sasa, lakini maji ya mto hayajapanda hata kidole kimoja. Yametulia palepale yalipowekwa mwaka 2001, rangi ileile, kimo kilekile. Baada ya stesheni ya Kamase daraja linatokea mbele, na kabla sijahesabu hadi thelathini niko ng'ambo.

Kisha ninafungua dirisha la pili. Humo kuna picha ya mahali hapohapo, iliyopigwa Julai 2020. Nguzo za daraja zimesimama mtoni kama meno yaliyosalia kwenye ufizi. Vyuma vilivyokuwa juu yake havipo. Reli inafika ukingoni, inaishia hewani.

Nimekuwa na mchezo huu kwa muda mrefu: dirisha moja gemu, dirisha jingine picha, ramani na habari za mahali penyewe. Wapenzi wengi wa gemu za treni hufanya hivyo, na mara nyingi wanachotafuta ni makosa. Jukwaa limewekwa upande usio wake, taa ya reli imesahauliwa, kilima kimesogezwa. Si vibaya, nami pia huyatafuta. Lakini kadiri nilivyoendelea niligundua kwamba swali langu si la fundi, ni la historia. Njia ya reli iliyoigizwa ni aina ya kumbukumbu, kama ilivyo barua ya zamani au daftari la karani. Basi tuiulize tunavyoziuliza kumbukumbu nyingine: inakumbuka nini, na inasahau nini?

Nitatumia gemu moja tu, ile niliyoanza nayo. Microsoft Train Simulator ilitoka mwaka 2001, ikiwa imeundwa na kampuni ya Kuju ya Uingereza. Ndani yake kulikuwa na njia sita za kweli: mbili za Marekani, mbili za Japani, moja ya Austria na moja ya Uingereza. Imezeeka, ni kweli. Microsoft walishaachana nayo zamani, lakini wapenzi wake waliunda programu ya bure iitwayo Open Rails inayosoma mafaili yaleyale, ndiyo maana mimi bado ninaendesha treni ya mwaka 2001 kwenye kompyuta ya leo.

Namna ilivyotengenezwa inaeleza mengi. Dunia yake imekatwa vipande vya mraba, kila upande mita 2,048, vikapangwa kandokando ya reli kama vigae. Juu ya vigae hivyo fundi analaza reli, anapandisha vilima, anachimba mahandaki, anasimamisha stesheni na miti. Kinachopimwa kwa makini ni kile ambacho dereva hawezi kukikosa: umbali kutoka stesheni hadi stesheni, mwinuko, kona, taa za reli, mwendo unaoruhusiwa. Ukitoka kwenye reli ukaelekea pembeni, umakini unapungua hatua kwa hatua. Nyumba za karibu zina madirisha, za mbali ni maboksi. Miti ni picha bapa zilizosimamishwa. Mbele zaidi ni rangi ya kijani tu, na mwisho wa vigae ni mwisho wa dunia.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya msomaji wa kumbukumbu hii ni rahisi: iamini zaidi karibu na reli, na kidogo zaidi kila unaposogea mbali nayo. Wasiwasi wangu ni kwamba watu hawakuishi kwenye reli. Waliishi pembeni.

Tuanze na Uingereza, maana huko mambo yaliishia vizuri.

Njia ya Settle hadi Carlisle ina urefu wa kilomita 116 hivi, kaskazini mwa nchi. Iliyoijenga ni kampuni ya Midland, iliyochoka kuwapitisha abiria wake wa Scotland kwenye reli ya mshindani wake. Kumbe hata Midland wenyewe walitaka kughairi kabla ya kuanza. Walishafikia maelewano na yule mshindani, wakaliomba Bunge liwaruhusu kuuacha mradi. Bunge likakataa. Kazi ikaanza 1869, na abiria wa kwanza wakapita Mei 1876. Ni reli iliyojengwa na watu ambao walikuwa tayari kutoijenga.

Ukiiendesha kwenye gemu, jambo la kwanza unalojifunza ni mwinuko. Ukiondoka Settle kuelekea kaskazini unapanda mita moja kwa kila mita mia, na unaendelea kupanda kilomita nenda kilomita rudi. Wenyeji wa reli waliupa mwinuko huo jina lenye maana ya mvuto mrefu. Katika kitabu hilo ni sentensi moja. Kwenye gemu, ukiwa na injini ya mvuke, mgonjwa ni wewe: presha inashuka, maji ya bwela yanapungua, mwendo unakufa taratibu, na stesheni ya Dent, iliyo juu kuliko stesheni zote za njia kuu za England, bado iko mbele. Hapa lazima niwe mkweli: kwa kukufundisha jasho la mwinuko, gemu inamshinda mwanahistoria. Nilikuwa nimesoma habari za njia hii mara kadhaa, lakini sikuuelewa mwinuko wake mpaka siku treni iliponifia hapo.

Katikati ya mwinuko huo liko daraja la Ribblehead. Matao 24, urefu wa mita 400, kimo cha mita 32 hivi. Kwenye gemu unalivuka kwa muda mfupi, matao hata huyaoni isipokuwa utoke ndani ya treni na kulitazama kwa pembeni, jambo ambalo gemu inaruhusu. Nilitoka, nikasogeza jicho la kamera chini, kwenye uwanda. Palikuwa na majani. Majani tu, kijani kimoja hadi vilimani.

Kwenye dirisha langu la pili, uwanda huo una majina. Miaka ya 1870 palikuwa na mji wa vibanda vya mbao, Batty Green, na vijiji vingine vya vibarua vilivyopewa majina ya vita na ya Biblia, kama Sebastopol na Jericho. Waliishi humo vibarua na wake zao na watoto wao, kwenye matope na baridi, wakijenga matao huku wenzao wakichimba handaki la Blea Moor lenye urefu wa kilomita 2.4. Ajali ziliua, na ndui ikaja ikaua zaidi. Kanisa dogo la karibu, huko Chapel-le-Dale, lilizika watu zaidi ya 200 katika miaka hiyo, hata likalazimika kupanua makaburi yake. Ndani ya kanisa kuna kibao cha marumaru cha kuwakumbuka waliokufa kazini, kilicholipiwa na vibarua wenzao pamoja na kampuni. Ukienda leo, ardhi bado inaonyesha alama za vibanda na njia za mikokoteni kwa anayejua kuangalia. Ni zaidi ya nusu kilomita kutoka kwenye reli? Wala. Ni palepale chini ya daraja. Lakini dereva hahitaji kuwaona, kwa hiyo hawapo.

Sasa njoo kwenye kosa maarufu la njia hii. Gemu inasema tuko miaka ya 1920, na inakupa uendeshe Flying Scotsman, injini maarufu kuliko zote Uingereza. Shida ni kwamba injini hiyo, iliyotengenezwa Doncaster mwaka 1923, ilikuwa mali ya kampuni ya LNER iliyoshika njia ya pwani ya mashariki, London hadi Edinburgh. Reli ya Settle hadi Carlisle wakati huo ilikuwa ya mshindani wake, LMS. Ni sawa na kuchora picha ya basi la kampuni moja likiwa limeegeshwa kwenye gereji ya kampuni nyingine. Waliotengeneza gemu walitaka injini inayojulikana kwenye mandhari inayojulikana, wakaviunganisha. Wajuzi wa reli wamelicheka jambo hilo miaka yote hii.

Nami nilicheka, mpaka niliposoma yaliyotokea baadaye.

Katika miaka ya 1980 shirika la reli la Uingereza lilitaka kuifunga njia hii. Sababu iliyotajwa sana ni daraja la Ribblehead: limechakaa, ukarabati ni ghali. Watu wakakataa. Pingamizi zipatazo 22,000 ziliandikwa, na moja kati yake ilikuwa na alama ya unyayo wa mbwa, Ruswarp kwa jina, aliyekuwa akisafiri kwa njia hiyo na bwana wake. Alama ile ilikubaliwa kama pingamizi halali. Msicheke, mbwa yule ana sanamu leo kwenye stesheni ya Garsdale. Aprili 1989 serikali ikatangaza kwamba njia haitafungwa, na daraja lilipokarabatiwa gharama ikawa ndogo kuliko watu walivyotishwa.

Februari 2016 ardhi iliporomoka karibu na Armathwaite, mahali paitwapo Eden Brows, na reli ikakatika zaidi ya mwaka. Ilipofunguliwa tena, tarehe 31 Machi 2017, treni maalumu ya kusherehekea ilivutwa na injini gani? Flying Scotsman. Haikuwa mara yake ya kwanza kupita huko, kwa kuwa tangu ilipostaafu kazi za kawaida imekuwa ikipelekwa huku na huku kuvuta treni za watalii. Lakini siku ile, mbele ya umati wa watu waliopanga mstari mabondeni, uongo wa gemu ya mwaka 2001 ulipita juu ya matao 24 ukiwa na moshi halisi.

Hapo niliacha kuyaita makosa ya gemu makosa, bila kwanza kuuliza ni ya nini. Injini ile haikuwa ukweli wa miaka ya 1920. Ilikuwa ukweli wa watu wa 2001 na namna walivyopenda kuikumbuka reli yao. Na watu hao hao ndio walioiokoa.

Sasa turudi Kyushu, kwenye mto wangu usiojaa.

Njia ya Hisatsu inatoka Yatsushiro, pwani, inafuata mto Kuma hadi mji wa Hitoyoshi, kisha inapanda milima na kushukia Yoshimatsu, na kuendelea hadi Hayato. Gemu inaishia Yoshimatsu, kilomita 87 hivi. Msomaji aliyewahi kupanda TAZARA anaujua upana wa reli hii bila kufika Japani: milimita 1,067 kutoka chuma hadi chuma, uleule wa Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mabehewa si makubwa, kona ni kali, mwendo ni wa pole.

Mtu akiitazama ramani atashangaa kwa nini reli ilipelekwa milimani wakati pwani ipo na ni tambarare. Jibu ni jeshi. Wakati njia inapangwa, wakuu wa jeshi waliogopa kwamba reli ya pwani ingepigwa mizinga kutoka kwenye meli za adui. Kwa hiyo treni kuu ya kwenda Kagoshima ikapitishwa ndani, kwenye mabonde na mahandaki. Sehemu ya mto ilifunguliwa 1908, vyuma vya madaraja yake vikiwa vimetoka Marekani. Sehemu ya milima ilifunguliwa Novemba 1909. Mwaka 1927 njia ya pwani nayo ikakamilika, treni kubwa zikahamia huko, na reli hii ya milimani ikashushwa cheo. Jina la Hisatsu lilianza hapo. Tangu siku hiyo ni njia ya nyuma ya nyumba.

Gemu inaijua milima hii vizuri sana. Ukitoka Hitoyoshi mwinuko unafika mita 30 hivi kwa kila kilomita, mara tatu ya ule wa Settle. Stesheni ya Okoba iko ndani ya kona kubwa ya reli inayojizunguka yenyewe kama nyoka anayetafuta mkia wake, na hapohapo ndani ya mzunguko treni inalazimika kuingia kwenye kituo, kusimama, kurudi kinyumenyume, kusimama tena, kisha kwenda mbele. Japani nzima hakuna stesheni nyingine yenye vyote viwili pamoja. Soma maelezo haya mara tano, bado yatakuchanganya. Yaendeshe mara moja tu, umeelewa.

Lakini angalia tofauti. Kwenye gemu, kurudi kinyumenyume ni kitufe. Kwenye treni ya kweli, dereva anasimama, anabeba mkoba wake, anapita katikati ya abiria hadi chumba cha upande wa pili, anakaa, anaondoka. Abiria wanamwona usoni. Wazee wanaitikia kwa kichwa. Baada ya dakika chache anarudi tena na mkoba wake. Safari yote ya mlimani imo katika matembezi yale, na kitufe hakiyajui.

Mbele ya Okoba kuna stesheni ya Yatake, kisha handaki refu kuliko yote ya njia hii, mita 2,096. Juu ya milango yake miwili kuna maandishi yaliyochongwa, upande mmoja ya Yamagata Isaburo, waziri wa enzi ya ujenzi, upande wa pili ya Goto Shinpei, mkuu wa reli. Miaka mingi baadaye treni za watalii za njia hii zilipewa majina yao: ya kwenda Yoshimatsu Isaburo, ya kurudi Hitoyoshi Shinpei. Ukitoka handakini bonde lote la Ebino linafunguka chini yako na milima ya Kirishima nyuma yake. Wajapani wanaihesabu kuwa moja ya mandhari tatu bora za kutazamwa dirishani mwa treni. Kwenye gemu pia panafunguka, kwa namna yake: bonde la kijani, milima ya buluu, ukungu wa kompyuta. Nilifurahi nilipopaona. Sikujua bado kinachofuata.

Kinachofuata ni stesheni ya Masaki, nayo treni inaingia na kurudi kinyumenyume. Palikuwa na kijiji hapo. Julai 1972 mlima uliokuwa nyuma yake uliporomoka kwa mvua, ukasomba nyumba na kuua watu, na waliobaki wakahama. Stesheni ikabaki bila kijiji. Jiwe moja kubwa lililoshuka na tope liliachwa palepale stesheni, na abiria walikuwa wakishuka kulitazama na kugonga kengele ya bahati njema iliyotundikwa jukwaani, maana jina la Masaki kwa maandishi yao linaweza kusomwa kuwa furaha ya kweli.

Halafu, kati ya Masaki na Yoshimatsu, kuna handaki moja ambalo kwenye gemu ni giza la dakika moja. Unaingia, unatoka.

Tarehe 22 Agosti 1945, wiki moja tu baada ya mfalme kutangaza redioni kwamba vita vimekwisha, treni ya mvuke iliingia humo ikiwa imejaa kupita kiasi. Waliojaa ni wanajeshi walioruhusiwa kwenda makwao. Mzigo ukaishinda injini, treni ikasimama ndani ya handaki. Moshi na joto vikajaa. Wanajeshi wakashuka gizani wakaanza kutembea kwa miguu kutafuta hewa. Treni nayo ikaanza kurudi nyuma. Walikufa watu wapatao 50, vijana waliokuwa wameponea vita. Mnara wa kuwakumbuka umesimama karibu na hapo.

Niliposoma habari hii nilirudi kwenye gemu, nikasimamisha behewa langu ndani ya lile handaki, nikazima taa. Sijui nilitarajia nini. Injini ya dizeli ilinguruma vilevile. Hakuna moshi unaojaa kwenye gemu hii, hakuna anayekosa pumzi. Nikawasha taa nikaendelea hadi Yoshimatsu, nikafika nimechelewa, na gemu ikanieleza hilo, kwamba nimechelewa. Kosa pekee inalolijua ni hilo.

Tarehe 4 Julai 2020 mvua kubwa ilinyesha Kyushu. Mto Kuma ulifurika kuliko watu walivyowahi kuuona. Katika mkoa wa Kumamoto watu zaidi ya 60 walikufa. Mji wa Hitoyoshi ulijaa maji. Kwenye njia ya Hisatsu, kati ya Yatsushiro na Yoshimatsu, reli iliharibiwa sehemu zaidi ya 400, na madaraja mawili ya mto Kuma, yale yaliyosimama tangu 1908, yalisombwa. Yaani ukichukua kipande cha reli kilichoharibika ukakilinganisha na kipande kilichomo ndani ya gemu, ni kilekile. Yatsushiro hadi Yoshimatsu. Njia nzima ya gemu yangu iliacha kupitisha treni asubuhi moja.

Kukarabati kulikadiriwa kugharimu yeni zaidi ya bilioni 23. Upande wa pili wa mizani kulikuwa na abiria: kabla ya mafuriko, kati ya Yatsushiro na Hitoyoshi, wastani ulikuwa watu 400 hivi kwa siku, na kule milimani, Okoba na Yatake na Masaki, watu 100 hivi tu. Kampuni ya reli ilisita. Mkoa na miji ikasukuma. Baada ya mazungumzo ya miaka, imekubaliwa kwamba sehemu ya mto, hadi Hitoyoshi, itajengwa upya, serikali zikibeba sehemu kubwa ya gharama, na shabaha ni mwaka 2033 hivi. Sehemu ya milima haikuingizwa kwenye mapatano hayo.

Tangu nijue hayo nimesikia, hata moyoni mwangu mwenyewe, faraja moja ambayo sasa naikataa. Inasema: basi angalau imebaki kwenye kompyuta. Haijabaki. Kilichobaki ni mwinuko, kona, umbali na taa. Ni vingi, na ninashukuru kwamba kuna watu walivipima kabla ya maji kuja. Siku mtu akitaka kujua dereva wa KiHa 31 alikuwa anafunga breki wapi kabla ya Okoba, faili la 2001 litamjibu kuliko picha elfu. Lakini mwanafunzi wa Hitoyoshi aliyekuwa akipanda treni kwenda shule hayumo. Jiwe la Masaki halina anayelieleza. Wanajeshi wa 1945 hawamo, kama vile vibarua wa Batty Green hawamo chini ya matao yao.

Na kuna la pili, ambalo Settle inalisema wazi. Njia ile haikuokolewa na picha wala na gemu; mwaka 1989 gemu haikuwepo. Iliokolewa na watu walioandika barua, na unyayo wa mbwa. Hisatsu nayo, ikifufuka, itafufuliwa na mkoa uliokubali kulipa. Kumbukumbu nzuri inaweza kumfanya mtu aandike barua. Inaweza pia kumfanya akae kwenye kiti chake akivuka daraja ambalo halipo, akaona inatosha. Mimi nimekuwa mtu huyo wa pili kwa miaka mingi, naandika haya nikijua hivyo.

Daraja jipya litakapojengwa baada ya Kamase halitakuwa lile la 1908. Hapo gemu itakuwa na makosa kamili, na wajuzi watayataja: nguzo si hizi, umbo si hili. Watakuwa sahihi. Nami nitataka wataje pia tarehe, ili asiyejua aelewe kwamba hili si kosa la fundi, ni daraja lililosombwa.

Jana usiku nilianza tena safari kutoka Yatsushiro. Nilichagua mvua. Nilipofika katikati ya daraja nilisimama, nikatoa jicho la kamera nje, nikalishusha hadi karibu na maji. Matone yalikuwa yanaanguka. Mto ulikuwa umetulia, kimo chake kilekile. Nilikaa pale kwa muda nikiutazama, kisha taa ya mbele ikawa ya kijani, nikaendelea.